Treni Ilikuwa Inaenda

Enzi zetu kule Gatwekera, mtaani Kibera, saa ya ukutani ilikuwa pambo la wenye nazo. Sisi tuliamshwa na treni. Ile ya abiria iliyosafiri usiku kucha kutoka Kisumu kuja mjini ilipopiga honi pale kwenye kona, mabati yote yalitetemeka, vikombe vikagongana kabatini, na mama akasema, "Hiyo imefika na nyinyi bado mmelala!" Tulinawa uso kwa maji baridi, tukateremsha kiporo cha ugali kwa chai ya rangi, tukatoka mbio na sare zilizokaushwa juu ya jiko, zikinuka moshi wa makaa. Ukichelewa, mwalimu hakuuliza sababu. Aliuliza kama treni ilichelewa, na ole wako kama haikuchelewa.

Reli ndiyo iliyokuwa uwanja wetu. Tulipanga misumari juu ya chuma, treni ikapita, tukaokota visu bapa ambavyo bado vina joto. Tulitembea juu ya chuma kimoja tumetanua mikono, na wa kwanza kuanguka aliwabebea wenzake maji. Mzazi yeyote akikufumania hapo alikuchapa kwanza, kisha ndipo akauliza wewe ni mtoto wa nani. Ukienda nyumbani kushtaki, uliongezewa. Mtoto wa leo ukimkemea anakutazama kutoka juu mpaka chini, anakuuliza, "Kwani wewe ni nani?" Na kweli, unabaki ukijiuliza wewe ni nani.

Mama yangu aliuza omena, dagaa wa ziwani, kando ya reli hiyo. Ubavuni mwake alikaa rafiki yake, Mama Rispa, na nyanya zake. Kila muuzaji alikuwa na mahali pake, na hapo hapakuhamishwa hata kwa mvua. Mama alikaa upande wa Kisumu, Mama Rispa upande wa mjini. Mama alikuwa akitania kwamba yeye amesogea karibu na kwao. Honi ikilia, wanawake walinyanyua mabeseni, wakarudi nyuma hatua tatu, behewa la mwisho likapita, na kabla vumbi halijatulia mabeseni yalikuwa yamerudi palepale, mteja akiendelea kulalamika kwamba kipimo hakijajaa. Mimi na Rispa, binti wa rafiki huyo, tulilelewa na mama hao wawili. Hatukujua nani alikula kwa nani.

Mama alifariki nikiwa na miaka kumi na mitatu. Picha yake moja tu ilikuwepo duniani, ile ya kitambulisho, nayo ikarudishwa ofisi ya chifu pamoja na makaratasi ya maziko, kama serikali inavyotaka. Hakuna aliyefikiria kuinakili. Harufu ya leso yake nilibaki nayo, na sauti yake nilibaki nayo. Lakini nasema bila kuficha: kufikia miaka arobaini nilikuwa nimeusahau uso wa mama yangu, na jambo hilo liliniuma kuliko kufiwa kwenyewe.

Sasa mimi ni fundi cherehani hapa Gatina, na nina ugonjwa ambao binti yangu Lavenda anauona wa ajabu. Kuna kikundi chetu kwenye simu, watu wazima wenye akili zao, tunachambua picha za zamani za reli. Mtu anatuma picha isiyo na jina wala mwaka, kisha tunabishana wiki nzima kama ni Kibera au Dagoretti, kama ni masika au kiangazi. Kila mtu anasoma anachokijua. Mimi nasoma nguo: kola, mabega, upana wa miguu ya suruali. Mzee Wafula wa Kawangware 46, aliyekuwa gadi wa treni mpaka akastaafu, anasoma mabehewa. Ana sheria moja, na hakuna aliyewahi kuiponyoka. Ukiandika "nadhani", anakujibu, "Umeona ama unadhani?"

"Mathe, nyinyi ni ka' CID," Lavenda huniambia akicheka. "Treni ilishaenda kitambo, mnaitafutia nini?"

Mwaka jana ikatumwa picha isiyo na rangi, aliyoipiga msafiri mmoja akiwa amesimama katikati ya reli. Ilikuwa Gatwekera yetu. Niliijua kona hata kabla sijavaa miwani. Mbali kabisa, ndani ya vumbi, treni. Huku karibu, watoto wenye sare wakielekea shuleni, na mwanamke mmoja ametupa mgongo, ameinamia beseni pale hasa mama alipokuwa akikaa. Nikaketi niitazame vizuri. Nilipiga hesabu yangu vizuri. Watoto wa shule, basi ni asubuhi. Treni ya asubuhi hutoka Kisumu, basi hiyo inakuja, na kule inakotokea ndiko Kisumu. Mwanamke yuko upande huo, ananyanyua beseni ili aipishe. Nikaandika kwenye kikundi: "Huyu ni mama yangu." Watu wazima walilia humo, mmoja baada ya mwingine.

Nikaipeleka kwa kijana wa studio aikuze. Kwenye ukingo wa picha, upande wa karibu, kulikuwa na mkono wa mtu umejipenyeza, mkono tu bila mwenyewe. Nikamwambia aukate, unaharibu picha. Nikaitundika juu ya cherehani yangu. Kila asubuhi kabla ya kukanyaga pedeli nilimsalimu mama.

Mwezi mmoja baadaye Mzee Wafula akaniletea suruali ya kupunguza. Aliitazama picha ukutani, akatoa simu yake akaitazama ile nzima, akarudi ukutani. Nikajua kuna jambo.

"Mama Lavenda, hii treni ulisema inakuja?"

"Inakuja, mzee. Ni asubuhi."

"Asubuhi nakubali." Aliikuza kwa vidole vyake vinene mpaka picha ikawa madoa tu. "Unaona hii kitu? Hiyo ni taa ya nyuma. Nimeiwasha na hii mikono mpaka nikatoka kazi. Hii treni haikuji. Inaenda. Imeshapita hapo, inaingia town."

Sikuhitaji kuelezwa zaidi. Kama treni ya asubuhi imekwisha kupita, basi kule mbali si Kisumu, ni mjini. Yule mwanamke hanyanyui beseni, analirudisha. Na aliyekaa upande wa mjini ni Mama Rispa. Mimi, niliyezaliwa hatua ishirini kutoka kwenye reli ile, nilikuwa nimeisoma kama mgeni, kwa sababu utoto wangu wote nilikuwa nikiangalia treni inayokuja tu. Ikishapita, nani alikuwa na haja nayo?

"Kwa group sijaandika," Mzee Wafula alisema akikunja suruali yake. "Hiyo nimekuachia wewe."

Siku mbili sikushona kitu cha maana. Nani angejua? Rispa bado anaishi Gatwekera, simu yake ni kabambe, ile ndogo ya kupiga tu, picha haimfikii. Lakini yeye pia hana picha ya marehemu mamake. Nyumba yao iliungua na kila kitu. Nilikuwa nikimwangalia yule mwanamke ukutani na kumwambia moyoni, baki nami wewe, nimekuzoea. Siku ya tatu nikampigia Rispa.

Alikuja kwa miguu, kutoka Gatwekera hadi Gatina, na jua lote lile. Nilimwonyesha ukuta tu. Alisogea karibu, akaweka mkono mdomoni.

"Ni mathe," alisema. "Si uone vile ameinama? Goti moja amekunja, hiyo ingine ameiacha straight. Ilikuwa inamsumbua tangu anizae."

Goti hilo nilikuwa nimelitazama kila asubuhi kwa mwezi mzima, wala sikuliona. Nikaitoa picha ukutani na fremu yake, nikamkabidhi. Nilimwomba msamaha pia. Yeye hakuonekana hata kunisikia. Alikuwa bado anaikagua.

"Na mama yako ako wapi?"

"Hayuko, Rispa. Ni mama yako peke yake."

"Wacha! Hao watu hawangekaa mmoja bila mwingine. Hii picha imeisha hapa ama mmeikata?"

Niliifungua simu. Picha nzima ikatokea, na pale ukingoni, upande wa karibu, upande wa Kisumu, mkono. Umetoka begani, umeshika mdomo wa beseni. Gauni pale begani ni jeupe lakini mkono wake wa nguo ni mweusi tii. Nililia kwa sauti mpaka jirani yangu kinyozi akaja kuuliza nani amekufa.

Mkono ule wa nguo niliushona mimi. Nilikuwa darasa la nne, ndio kwanza tumefundishwa kushika sindano. Gauni la mama lilikuwa limeraruka mkono mzima kuanzia begani, nami nikakata kipande cha sare yangu kuukuu, samawati iliyoiva, ambayo picha isiyo na rangi huigeuza nyeusi, nikakipachika kwenye gauni la rangi ya maziwa. Nilikuwa nimeuona mkono huo kwenye picha, nikalipa kijana wa watu aukate.

Lavenda alinionea huruma kwa njia yake. "Mathe, kuna app. Unaiwekea hiyo mkono, inakumalizia mtu mzima. Hata uso. Inaweza hata mfanya asmile."

"Uso wa nani?" nikamuuliza.

Aliirudisha simu yake mfukoni. Ni mtoto mwema. Kizazi chao hakijawahi kukosa picha. Wanapiga picha chipsi kabla hazijapoa, wanajipiga mara kumi ili wafute tisa. Sisi mtu alikupita kama behewa, usipomtazama vizuri akiwa hapo mbele yako, basi. Nawaonea wivu, sikatai. Laiti ningepewa moja tu katika zile tisa anazozifuta Lavenda.

Uso sijaupata, na sasa nimeacha kuutafuta. Nimetundika ule mkono. Wateja wakiuliza, nawaambia watazame begani, jinsi mshono ulivyovutika na kujikunja, umeingia huku ukatokea kule. Mwanafunzi wangu akinishonea hivyo leo namwambia afumue yote aanze upya. Mama aliuvaa kazini mwaka mzima, na kila mteja aliyecheka alionyeshwa kwa kidole ni mtoto yupi aliyeshona.