Dakika Hamsini za Kwenda Kondoa

Sijapata kuona rula ikitukuzwa kama ile ya karani wa kiwanja cha ndege cha Dodoma, zama za Waingereza. Aliilaza juu ya ramani, akapiga mstari mmoja mpaka Kondoa, ukapita juu ya vilima na makorongo yote, akasema, "Dakika hamsini." Alisema kana kwamba njia ile ameiumba yeye. Kondoa kwenyewe hakuwahi kufika hata siku moja.

Kazi yangu pale ilikuwa kufukuza mbuzi kiwanjani na kuwasha moto wa majani mabichi, rubani aone moshi na ajue upepo unaelekea wapi. Kondoa nako alikuwapo mtu wa kazi hiyohiyo. Si kazi ya mtu aliyehitimu Kurani, lakini ilinilisha, na namshukuru Mungu.

Ikaja habari kwamba baba yangu yu mahututi kijijini Busi, wilaya hiyo ya Kondoa. Mimi ndiye mwanawe pekee aliyesoma. Alitaka nimsomee Yasini na kumtamkisha shahada kwa sauti yangu. Sokoni lori la Mhindi muuza chumvi lilikuwa linapakia, nikaenda kwa karani kuaga.

"Lori!" akacheka. "Ule vumbi siku nzima, mzee akungoje wewe? Kesho Bwana Shauri, yule Mzungu wa serikali, anaruka kwenda Kondoa, na anataka mkalimani wa Kirangi. Utafika chai haijapoa."

Nikamwamini. Nina miaka mingi sasa, na ujinga ule bado naomba nisamehewe. Nikamtuma dereva awaambie nyumbani nakuja kwa ndege, lori likaondoka.

Asubuhi wakatupima kwa mizani ya karanga: Bwana Shauri, sanduku lake la vinywaji, mbwa wake, kisha mimi. Rubani akatikisa kichwa, uzito umezidi. Bwana Shauri akanitazama, akamtazama mbwa. Mbwa akapanda. Wakaenda kusema na Warangi bila mtu wa kuwasemea, ila sijui kama mbwa yule alijua Kirangi.

Kabla hawajaruka nilimwambia karani, "Bwana, mwezi huu watu wanachoma mashamba, wanangoja mvua. Kondoa yote ni moshi. Rubani ataujuaje wa kiwanja?"

"Wewe chunga mbuzi. Ya angani waachie wenye elimu."

Mungu hamtupi mja wake. Mdogo wa yule Mhindi alikuwa anaondoka na lori la pili.

"Panda, Mwalimu," aliniita. "Kaa juu ya magunia. Ukichoka kukaa, lala. Ukichoka kulala, shuka usukume."

Tulisukuma mara mbili, mchangani. Hatujafika mbali tukasikia ndege juu yetu, inarudi Dodoma.

"Imekosa moshi?" Mhindi akauliza.

"Imepata mwingi mno," nikamjibu.

Baadaye nilisikia kwamba ilizunguka moshi mpaka moshi, ikashuka nusura itue kwenye shamba la mtama la mtu, ikakata tamaa. Mbwa alitapika juu ya viatu vya Bwana Shauri. Sikumhurumia ila mbwa.

Kesho yake alasiri, baada ya kutembea kutoka Kondoa, niliingia Busi. Baba alikuwa hai.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wamesema unakuja na ndege."

"Nimekuja na chumvi, baba."

Akacheka, kicheko chembamba kilichomchosha. "Chumvi hufika," alisema.

Nikamsomea Yasini yote. Akaifuata shahada nyuma yangu, neno kwa neno, wala hakukosea. Magharibi haijaingia, akaenda zake.

Niliporudi kazini, nilimkuta karani na rula yake, anamwonyesha mgeni mmoja. "Dakika hamsini," anasema. Aliponiona akauliza, "Na wewe, lori lilikuchukua muda gani?"

"Nilifika," nikasema. "Ndege yako ilichukua muda gani kufika?"

Akaanza kuifuta rula kwa leso. Nikamwombea msamaha kwa Mola, kwani tumeamrishwa, nikaenda kufukuza mbuzi. Wao angalau walijua walikokwenda.