Mwoka mikate anayeisubiri pua yake

Saa moja asubuhi, Mama Tanuri ameinama juu ya sinki la jikoni kwake, mdomo wazi, kichwa kimelala upande. Anaibinya chupa polepole. Maji ya chumvi yanaingia tundu la kulia la pua, yanatokea la kushoto. Anakohoa, anatema, anapapasa taulo. Hakuna wa kumshikia.

Ni wiki ya tatu tangu afanyiwe upasuaji wa kuondoa vinyama vilivyoziba pua na matundu ya hewa yaliyo ndani ya mifupa ya uso. Daktari amemwagiza ajisafishe hivi asubuhi na jioni, kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, na asipenge kwa nguvu.

Siku ya kwanza alijiponza mwenyewe. Badala ya nusu kijiko kwa kikombe, alikadiria chumvi kwa kiganja, kama anavyotia kwenye unga. Mazoea yana taabu: chumvi ilimchoma, akalia hadi akaketi sakafuni.

"Baadaye nikacheka," anasema. "Lakini kucheka peke yako hakuendi mbali."

Kwa miaka kumi na tisa mjane huyu wa miaka hamsini na mbili aliendesha tanuri la kiwanda kidogo cha mikate bila kutazama saa. Mkate ukiiva, pua ilimwambia. Miaka miwili iliyopita pua ikanyamaza. Trei tatu ziliungua yeye akiwa amesimama papo hapo, mkono kiunoni, akipiga soga. Bosi akamhamishia chumba cha mbele, kutia mikate mifukoni. Siku hizi vicheko vya wenzake anavisikia kupitia ukuta.

Nyumbani ndiko kugumu zaidi. Binti yake ameolewa mbali, hupiga simu Jumapili. Mwezi mmoja kabla ya upasuaji, sufuria iliteketea jikoni yeye akikunja nguo chumbani. Jirani ndiye aliyebisha hodi.

"Ukiishi na watu, unaambiwa kuna kitu kinaungua," anasema. "Mimi naambiwa na nani?"

Daktari hakumficha: harufu inaweza kurudi taratibu, au isirudi kabisa. Kila akimaliza kusafisha pua, humega mkate akaunusa. Mpaka leo, anasema, ni kama kunusa karatasi.

Hata hivyo amemwomba bosi ampe jaribio moja mwisho wa mwezi ujao. Atasimama ameligeuzia tanuri mgongo, wenzake wote kimya.

"Mkate ukiiva, nitasema toeni," anasema, akiisuuza chupa. "Nisiposema, wautoe wenyewe usiungue. Ila mmoja aje anishike mkono, wasiniache nimesimama pale."