Njia ya Ng'ombe Kwenda Lamboni

Mimi si mtu wa kuongea. Darasani nikiitwa kusoma kwa sauti shingo inawaka moto na maneno yanagoma kutoka. Kwa hiyo nilipopata rafiki anayeongea kwa niaba ya watu wawili nilishukuru, nikazidi kunyamaza. Tulikuwa kidato cha tatu. Yeye alikuwa anakaa mtaa wa Kikuyu na mama yake, Mrangi aliyetoka Kondoa kuja mjini kuuza vitenge. Mimi nilikuwa naishi kwetu Ipagala. Wote tulikuwa na baiskeli za gia, zile za mtumba zenye matairi mapana, na kila Jumamosi tulikuwa tunatafuta njia mpya.

Ukipita nyumba za mwisho, lami inaisha, kisha barabara ya vumbi nayo inaisha, vinabaki vijia. Vingine ni vya watu wa kuni, vingine vya mbuzi. Unachagua kimoja usichokijua, unakifuata mpaka kikutupe mahali. Yeye alitangulia siku zote, kwa sababu baiskeli yake ilikuwa na breki mbili na yangu ilikuwa na ya nyuma tu. Akikuta hatari anaitaja kwa sauti bila kugeuka: "Mchanga." "Jiwe." "Mwiba kulia." Mimi nyuma nafanya kama alivyofanya yeye. Ukiniuliza urafiki wetu ulikuwaje, ulikuwa hivyo.

Watu walitushangaa. Mzee mmoja aliyekuwa anakata fito alituuliza, "Nyie wasichana, mnafukuzwa na nani?"

"Na hesabu, babu," rafiki yangu akajibu. "Shikamoo."

Mzee alicheka mpaka akaweka panga chini.

Rafiki yangu ana siko seli, ugonjwa wa damu wa kuzaliwa nao. Mama yake alikuwa na sheria zake, nami nilizijua kama nijuavyo za shule: anywe maji hata kama hana kiu, asijichoshe, asipigwe na baridi. Mwili wake ukikaukiwa maji, damu inakwama kwenye mishipa na maumivu yanaanza. Mwaka ule nyonga ya kushoto ilikuwa imeanza kumsumbua. Daktari aliwaambia kwamba damu haifiki vizuri kwenye mfupa, na akishikwa vibaya mara nyingine mfupa ule unaweza kufa. Hata asiposhikwa, baada ya mitihani baiskeli basi.

Aliniambia hayo tukiwa tumekaa juu ya jabali, anamenya karanga.

"Mfupa unakufaje na wewe mwenyewe uko hai?" nikamuuliza.

"Kama mti tu. Tawi moja linakauka." Akatupa maganda. "Mama anadhani naenda kwako kusoma. Jumamosi zilizobaki ni zangu, na wewe usianze kunililia hapa."

Sikulia. Nilimwangalia mguu wake wa kushoto, halafu nikaona aibu kwamba nimeuangalia.

Njia yenyewe tuliikuta mwishoni mwa kiangazi. Tulikuwa tumeshapanda sana asubuhi ile na chupa zetu zilikuwa zimebaki na maji kidogo, ilikuwa saa ya kugeuza. Ndipo akaiona upande wa pili wa mgongo wa kilima: njia iliyochimbika kama mfereji, pana, laini kama imepigwa pasi, inashuka kwa kona kona katikati ya migunga.

"Hii ni ya ng'ombe," akasema.

"Inaenda wapi?"

"Majini. Njia ya ng'ombe ikichimbika hivi, chini kuna maji. Kwetu Kondoa ukipotea mlimani unashuka nayo, unaikuta chemchemi. Babu yangu hajawahi kubeba maji maisha yake yote."

"Na kama hakuna?"

"Wewe Mgogo gani unayewatilia shaka ng'ombe?"

Baba yangu ni Mgogo na bibi yangu alizaliwa kwenye mifugo, lakini mimi nimekulia Ipagala na Kigogo changu kinaishia kwenye salamu. Akanywa maji yake yote, akafunga chupa na kuichomeka kiunoni. Tutajaza chini, akasema.

Sijawahi kupita njia tamu kama ile. Kona zilikuwa zimeinuka pembeni, baiskeli inalala yenyewe na kuinuka yenyewe. Alikuwa anaimba majina ya hatari badala ya kuyasema. "Jiiiwe. Mchaaanga." Kinyesi cha ng'ombe kilichokuwa njiani kilikuwa cheupe, kinavunjika chini ya tairi kama biskuti. Nilikiona. Kwangu kilikuwa kinyesi tu, sikujua kwamba kinasema kitu.

Chini tulikuta lambo, bwawa la kunyweshea ng'ombe. Tuta la udongo lilikuwa pale, na vijia vingine vya ng'ombe vilikuwa vinashuka kutoka kila upande vikikutana hapo, kama alivyosema. Ndani palikuwa na tope lililokauka na kupasuka vipande, na katambuga moja ya mchungaji, kiatu cha tairi, imenasa katikati. Hapakuwa na ng'ombe wala mtu. Baadaye niliambiwa kwamba mifugo ilikuwa imehamishiwa upande wa Mtera siku nyingi.

Aliteremka mpaka kati, akapiga kisigino pale penye rangi nyeusi zaidi. Palikuwa pagumu.

"Kwetu maji yanatoka chini," akasema. "Kumbe hapa yanasubiriwa kutoka juu." Akacheka, lakini kicheko hakikufika mbali.

Nilimpa maji yangu. Alikataa, kisha akayanywa. Tukaanza kupanda jua likiwa utosini. Hakuna kitu kilichofanywa kwa kushuka ambacho ni rahisi kupanda. Tulisukuma baiskeli, tukapumzika, tukasukuma. Nilijua mambo yameharibika kwa sababu alinyamaza. Tulipita mawe na mchanga na miiba na hakutaja hata kimoja.

Kwanza alisema ni mikono. Halafu mgongo. Halafu akaiachia baiskeli ikaanguka, akakaa chini, akaushika mguu wa kushoto kwa mikono miwili kama anauzuia usiende. Midomo yake ilikuwa ya rangi ya vumbi. Nilimvuta kwenye kivuli cha mgunga, kivuli chenyewe kimejaa matundu.

"Nenda kaombe maji," akasema.

"Kwa nani?"

"Kwa watu. Na uombe kwa mdomo, usiombe kwa macho." Akafunga macho yake. "Baiskeli yangu usiiache."

Tukiwa juu tulikuwa tumeona korongo la mchanga kwa mbali, na moshi pembeni. Nilichukua chupa zetu nikaenda huko. Sikumbuki nilivyoshuka na breki moja. Kwenye korongo kulikuwa na visima vilivyochimbwa mchangani, kila kimoja kimezungushiwa matawi ya miiba, na kwenye kimoja kulikuwa na wanawake watatu na madumu yao. Mmoja, mtu mzima wa umri wa bibi yangu, alikuwa ndani ya kisima anachota kwa kata. Maji ya mchangani hayaharakishwi. Unachota kidogo, yanakwisha, unakaa kusubiri yajivute tena. Wengine wawili walikuwa wamekaa kusubiri zamu, wananyosha miguu.

"Mbukwa," nikasema.

Wakaitikia vizuri, kisha wakaendelea kwa Kigogo, wananiuliza mambo. Nilisimama. Wakaniangalia suruali, wakaangalia baiskeli.

"Haa, salamu kaazima," akasema mmoja kwa Kiswahili. "Mtoto wa nani wewe, hujui kwenu?"

Walicheka bila ubaya. Shingo ikaanza kuwaka ile ile ya darasani. Nilikuwa nimepanga sentensi nzima njiani, yenye shikamoo na samahani na kama mtaniruhusu, na yote ikapotea.

"Rafiki yangu anakufa," nikasema. "Yuko kule juu. Anahitaji maji."

Nilikuwa sijawahi kulisema neno hilo, hata kimoyomoyo. Nililisikia kama limesemwa na mtu mwingine.

Mama aliyekuwa ndani ya kisima aliinua uso. Hakuuliza ukoo tena. Nikapiga hatua kwenda kwake na chupa.

"Viatu," akasema. "Huku tunashuka miguu mitupu, tunakunywa humu."

Nikavua. Alijaza chupa zetu kutoka kwenye dumu lake mwenyewe, lile alilokuwa amelichotea kata kwa kata tangu asubuhi, akalifunga na maji yaliyobaki, akajitwisha, akaniambia nitangulie. Njia nzima alikuwa ananigombeza kutoka nyuma yangu. Nani katuruhusu? Mama zetu wanajua? Msichana anaendaje porini bila maji, amekuwa kenge?

Tulimkuta amejikunja. Alikunywa, akatapika, akanywa tena kidogo kidogo. Yule mama alikaa chini, akamlaza kichwa kwenye mapaja yake na kumwagia maji kichwani, maji yale. Alitoa simu kwenye fundo la khanga, akanipa. "Panda jabali lile, ndiko mtandao unakopatikana. Mpigie wa bodaboda, ameandikwa Boda."

Nilimpigia mtu nisiyemjua nikamweleza tuko wapi. Siku ile niliongea kuliko muhula mzima.

Bodaboda ilipofika walimweka katikati, mshikaki, dereva mbele na yule mama nyuma anamshikilia. Kila pikipiki iliporuka alitoa mlio ambao sitauandika. Dumu lilibaki chini ya mgunga, tupu. Mimi nikabaki na baiskeli mbili.

Baiskeli mbili haziendeshwi na mtu mmoja, na kwenye kijia chembamba hata kuzisukuma pamoja huwezi. Nilisukuma yake mpaka kwenye kona, nikailaza, nikarudi kuchukua yangu, nikaipita yake, nikarudi tena. Kwa hiyo njia ile yote nimeitembea mbele na nyuma. Kila jiwe nalijua. Kuna mahali nilikaa chini nikafikiri niiache yake, ni chuma tu. Kisha nikainuka. Nilifika nyumbani jua linazama, na baba akaziona baiskeli zote mbili kabla hajaniona mimi.

Hospitali mama yake hakunigombeza. Heri angenigombeza. Aliniuliza jambo moja: "Maji alikunywa?"

"Alikunywa yake yote, mama. Na yangu."

Akatikisa kichwa, akarudi wodini.

Maumivu yaliisha. Mfupa haukupona. Sasa rafiki yangu anatembea kwa magongo, na madaktari wanasema habari za kubadilisha nyonga akishakua, huko mbali, wakati fulani. Baiskeli yake iko uani kwao, imeegemea ukuta, matairi yamelala. Mama yake aliifunika kwa turubai. Yeye akaliondoa.

Mvua zilipoanza rafiki yangu aliniambia nirudi kule nikaone. Sikutaka. Nilikwenda na dumu jipya nimelifunga nyuma, la kumlipa yule mama badala ya lake, na nikamkuta. Alilipokea, akaniuliza habari za mgonjwa, akanifundisha kuitikia salamu yote mpaka mwisho. Kisha nikashuka njia ya ng'ombe peke yangu, breki moja, hakuna wa kunitajia kitu.

Jioni ile ile nilikaa kwenye mkeka pembeni ya kitanda chake.

"Sema," akasema.

"Kijani kila mahali. Kona ya pili imeliwa na maji."

"Lile jiwe la chini. Umepita au umeshuka?"

"Nimeshuka, nimesukuma."

"Mwoga wewe. Na lambo?"

Nilifikiri kumdanganya. Sijui kudanganya, uso wangu unasema kabla yangu.

"Limejaa. Ng'ombe wamerudi, walikuwa wanakunywa."

Aliuangalia mguu wake ulionyooka juu ya shuka.

"Kwa hiyo njia ilikuwa inaenda majini kweli," akasema.

"Ndiyo."

Akageukia ukutani. Nilidhani amelala, nikaanza kuinuka polepole.

"Nani kakwambia uondoke?" akasema bila kugeuka. "Anzia juu. Na unitajie mawe."

Nikakaa. Nikaanza kumtajia.