Marehemu baba alivyokwenda barazani kutoa maoni kuhusu leseni ya hoteli yetu, Mkuza

Ijumaa moja ya mwezi wa pili, mwaka 1954, tulimpoteza baba. Kidogo tupoteze na hoteli yake.

Wakuu, nawasalimu wote, wakubwa shikamooni, wadogo marahaba.

Nimesoma uzi wa kijana mmoja humu anayesema serikali ikiita wafanyabiashara watoe maoni juu ya vibali, ni kupoteza muda tu, maana mambo yameshaamuliwa. Sina ugomvi naye. Ila nimekumbuka jambo lililotokea nyumbani kwetu, nikaona nilieleze.

Ninayoandika ni niliyoyaona. Pale nisipokumbuka nitasema sikumbuki. Shule yangu iliishia darasa la nne na ninaandika kwa kidole kimoja, kwa hiyo mnivumilie.

Twende.

Baba yangu aliitwa Kondo, mzaliwa wa Masaki kule Kisarawe. Alihamia Mkuza akafungua hoteli ya chai kando ya barabara ya Morogoro.

Vijana wakisikia hoteli wanafikiria ghorofa. Yetu ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya udongo. Meza mbili, mabenchi, birika kubwa, chapati na maharage. Madereva wa malori walisimama hapo alfajiri.

Baba alikuwa na tabia moja, na naomba muikumbuke maana tutairudia.

Maziwa yetu yalikuja kwa baiskeli kutoka mbali, na joto la kwetu mnalijua. Kwa hiyo kila asubuhi baba alitupa taulo begani, akainua kopo la maziwa mpaka puani, akafumba jicho moja, akanusa. Watu wote wanyamaze. Halafu anasema, kama daktari anayemtoa mgonjwa wodini: "Haya. Huyu mzima."

Hapo ndipo chai inamiminwa. Siku maziwa yakiwa mabaya alisema, "Huyu si mzima," na tunakunywa ya rangi.

Alifariki kwa homa. Aliugua siku chache tu. Sitasema zaidi ya hapo.

Mama akaingia eda. Kwa wasiojua, mjane wa Kiislamu hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Kwetu wakati ule ilishikwa kwelikweli. Mama alikaa chumba cha nyuma, na kati yake na hoteli lilikuwepo pazia tu. Kwa hiyo alikuwa anasikia kila kitu, ila haonekani.

Kazi ya jikoni nikaishika mimi. Nilikuwa msichana mdogo lakini chapati nilikuwa nazijua. Mbele alikaa baba mdogo, Shomari.

Baba mdogo hakuwa mtu mbaya, na sitaki mtu anielewe vibaya. Tatizo lake lilikuwa usingizi. Hoteli ya madereva inafunguliwa kabla ya jogoo, na yeye na jogoo hawakuwahi kuonana.

Sasa nije kwenye serikali.

Matanga yameisha majuzi tu, jumbe wetu akapita na habari. Kuna kanuni mpya za hoteli za chai. Zimeshaandikwa bomani Kisarawe, lakini hazijapigwa muhuri. Bwana Shauri, yaani yule afisa wa Kizungu wa wilaya, atakuja Mkuza kufanya baraza, na mwenye maoni aseme.

Kanuni zilikuwa nyingi. Cheti cha bwana afya, dirisha, choo, mambo ya vikombe. Hizo hazikututisha, baba alikuwa msafi.

Iliyotutisha ilikuwa moja. Mwenye leseni akifa, leseni imekufa. Anayetaka kuendelea aende mwenyewe bomani, ndani ya mwezi mmoja, atie kidole mbele ya afisa. Asipofika, hoteli inafungwa, au anaandikwa ndugu mwingine atakayefika.

Mnaona shida ilipo.

Mama yuko eda. Hawezi kutoka kwenda hata kisimani, sembuse Kisarawe. Na baba mdogo alikuwa ameshaanza kusema, kwa upole kabisa, "Basi niandikwe mimi tu, shemeji. Kwani mimi mgeni?"

Baba mdogo alipotoka, mama aliniambia nyuma ya pazia, "Akiandikwa Shomari, baada ya mwaka birika litakuwa la kupandia maua."

Hapo namwingiza mtu wa mwisho, naye ndiye mwenye uzi huu. Mzee Masanja.

Alikuwa Mnyamwezi, mchoma mkaa, na kwa hiyo alikuwa mtani wetu. Sisi Wazaramo na Wanyamwezi tunataniana tangu enzi za mababu, na msibani mtani ana kazi yake. Anaruhusiwa kusema na kufanya ambayo mwingine angefanya angepigwa. Hanuniwi, na waliofiwa hawaruhusiwi kukasirika.

Siku ya kumzika baba, Mzee Masanja alijilaza njiani mbele ya jeneza akasema halipiti mpaka alipwe chai yake ya kesho. Halafu akavaa kofia ya marehemu na kuigiza mwendo wake. Kuigiza marehemu ni desturi ya watani, ili waliofiwa wacheke kidogo. Alimpata baba mpaka kikohozi. Watu wakicheka huku machozi yanatoka.

Usiku wa kuamkia baraza, sikuwa nimemwona mtu wa kutusemea. Mama mwenyewe hatoki. Mimi mtoto wa kike, wakati ule barazani hata kukaa mbele nisingekaa. Baba mdogo ndiye msemaji wa familia, na msemaji anataka leseni.

Asubuhi Mzee Masanja akaja kunywa chai kama kawaida. Akaita kwenye pazia, "Mjane wa Kizaramo, umeamkaje? Nasikia serikali inakuposa."

Mama akajibu humo ndani, "Inaniposa mimi au birika?"

"Birika. Wewe nani atakutaka, na ulimi huo?"

Nikasikia mama anafungua sanduku. Kisha akaniita. Mkono ukatoka chini ya pazia na kofia ya baba, juu yake taulo.

"Mpe mtani," alisema. "Mwambie mwenye leseni ameitwa barazani. Aende mwenyewe."

Mzee Masanja akavitazama vile vitu. Akavichukua, akatoka bila kumaliza chai.

Baraza lilikuwa uwanjani mbele ya mahakama ya jumbe, nami nilisimama pembeni na wanawake. Bwana Shauri alikaa kwenye kiti na meza, karani wake pembeni. Alivaa nini sikumbuki. Kiswahili alikijua, tena cha vitabuni, kila neno limevaa viatu.

Karani akasoma kanuni zote. Kisha Bwana Shauri akauliza, "Je, mna maoni gani?"

Hapa, wakuu, ndipo tulipokosea wote. Sisi tulizoea kwamba baraza ni mahali pa kuambiwa. Jumbe alikuwa amepita nyumba kwa nyumba akisema, "Mkiulizwa maoni, shukuruni." Tukadhani maoni ndiyo shukrani yenyewe.

Basi mwenye hoteli wa kwanza akasimama, akashukuru. Wa pili akashukuru zaidi. Baba mdogo akasimama akashukuru kupita wote, akasema kanuni hii ya kwenda bomani ni nzuri mno, ikiwezekana ianze hata kesho.

Karani anaandika. Bwana Shauri akageuza kurasa, akauliza, "Hakuna mwenye neno jingine?"

Kutoka nyuma nikasikia kikohozi. Kikohozi cha baba.

Naapa vichwa vyote viligeuka. Mzee Masanja anakuja katikati ya watu, kofia kichwani, taulo begani, mguu wa kushoto unaburuza kidogo kama wa baba. Akasimama mbele ya meza.

"Je, wewe ni nani?" akauliza Bwana Shauri.

"Kondo. Mwenye leseni ya hoteli ya chai."

Bwana Shauri akamtazama karani. Karani jasho linamtoka.

"Huyu... huyu ni marehemu, Bwana."

"Marehemu ni mtu aliyekufa."

"Ndiyo, Bwana."

"Lakini amesimama."

"Ndiyo, Bwana. Ni mtani wake."

Sijui Bwana Shauri alielewa kiasi gani. Lakini aliweka kalamu chini akasema, "Aseme."

Mzee Masanja akasema, "Bwana mkubwa, nimesikia mnasema nilipokufa leseni imekufa nami. Mimi nilipoondoka niliacha kila kitu. Nimeacha mke, nimeacha watoto, nimeacha birika, hata viatu nimeviacha. Leseni nimeitafuta kaburini usiku kucha, haipo. Nadhani imebaki hotelini."

Watu wakaanza kucheka chinichini.

"La pili. Mnataka mke wangu aje bomani ndani ya mwezi mmoja. Mke wangu yumo eda. Hata Malkia akimwita atamwambia subiri miezi minne na siku kumi. Anakaa ndani kwa ajili yangu mimi. Sasa nyinyi mnamwambia achague, amheshimu mume au alishe watoto. Mimi mumewe sijamwambia achague. Kama lazima mtu aje bomani, nitakuja mimi. Kwa sasa sina kazi."

Hapo watu wakaangua kicheko. Jumbe anajikuna shingo, hajui acheke au amkamate.

Baba mdogo akaruka juu, "Bwana, huyu asisikilizwe, mimi ndiye msemaji wa fami..."

Mzee Masanja hakugeuka hata kumtazama. Kwa sauti ileile ya baba akasema, "Shomari. Kaa chini. Kaka yako anaongea."

Na baba mdogo, kwa mazoea ya miaka yote, akaitika, "Naam, kaka," akaketi.

Wakuu, kicheko cha siku ile sijakisikia tena. Mpaka Bwana Shauri alifunika mdomo. Baba mdogo mwenyewe alipogundua alichofanya akajishika kichwa, akacheka, kisha akainama. Nilimwona akifuta macho na ncha ya kanzu. Alikuwa kaka yake, jamani.

Mzee Masanja alingoja watulie. Akanyoosha mkono aombe ile karatasi ya kanuni. Karani akasita, Bwana Shauri akaashiria ampe.

Akaliweka sawa taulo begani. Akaiinua karatasi mpaka puani. Akafumba jicho moja.

Uwanja mzima ukanyamaza, kwa sababu kila mtu pale aliwahi kunywa chai kwetu.

Akainusa. Akasema, "Haya. Huyu si mzima."

Sikuweza kucheka tena. Nilijifunika khanga usoni.

Bwana Shauri akauliza eda ni nini hasa, na hapo ndipo mlango ulipofunguka. Kila mtu akawa na neno. Yule wa kwanza aliyeshukuru akasema kwa kweli dirisha analotakiwa kuweka litaangalia choo cha jirani. Mwingine akasema bwana afya anapita mara chache, je, cheti kikichelewa kosa ni la nani? Tulikaa mpaka adhuhuri. Karani aliandika mpaka akakunja na kukunjua vidole.

Kabla sijafika mwisho nitoe funzo langu, maana nikifika mwisho sitakuwa na la kuongeza.

Sisemi kila maoni yanasikilizwa. Kanuni za cheti na dirisha zilipita kama zilivyoandikwa, na yule bwana alijenga dirisha lake, na choo cha jirani alikiona. Serikali ile haikuwa yetu na haikutuuliza mengi makubwa zaidi ya hayo. Ila nilijifunza kwamba ukishukuru pale ulipoulizwa, wataandika umeshukuru. Karatasi ikikujia, inuse kwanza. Na kama waliofiwa hawawezi kusema, mtani asikae kimya.

Nyinyi mliokwenda kwenye vikao vya leseni na vibali siku hizi, semeni mlisema nini mkajibiwa nini. Wanyamwezi pia mnakaribishwa kutukana, mna haki yenu.

Namalizia.

Kanuni zilipopigwa muhuri, zikabandikwa mlango wa mahakama. Nilizisoma mwenyewe kwa darasa langu la nne. Iliongezwa sehemu kwamba leseni ya marehemu itaendelea, na mjane aliye katika eda atatia kidole nyumbani kwake mbele ya jumbe.

Siku chache baadaye yule karani akaja na baiskeli, na jumbe nyuma yake kwa miguu. Aliketi hotelini na kibweta cha wino. Hakutabasamu. Nadhani alikuwa bado na hasira za jasho la barazani.

Mkono wa mama ukatoka kando ya pazia. Jumbe akageuza uso kwa heshima. Karani akapaka wino dole gumba, akalikandamiza kwenye karatasi, akapuliza pakauke. Mkono ukarudi ndani.

Nikamletea karani chai ya maziwa. Alikuwa na haraka, alishasimama. Akainua kikombe, na sijui kilimjia nini, akakisogeza puani, akafumba jicho moja.

"Haya," akasema. "Huyu mzima."

Nyuma ya pazia mama akacheka. Tangu ile Ijumaa, ilikuwa mara ya kwanza.