Mama Gabrieli Anavusha Watoto wa Wenzake

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Scholastika anatua beseni, anakunja kitenge mpaka magotini na kuingia majini. Nguo za watu zinasubiri juu ya jiwe. Watoto kwanza.

"Shikamoo Mama Gabrieli!"

"Marahaba. Viatu mkononi. Na wewe, hicho kidole kitoe puani, unipe mkono."

Watoto wanacheka. Anawavusha wawili wawili, wa Kikristo na wa Kiislamu, hadi ng'ambo ya korongo linalopita nyuma ya nyumba za Mafiga, mjini Morogoro. Ukiliona asubuhi hii unasema ni maji ya kunawia miguu tu. Mzazi mwenzangu, usidanganyike.

Scholastika ni mjane wa miaka hamsini na moja. Kazi yake ni kufua nguo za watu, beseni moja shilingi elfu tatu, sabuni juu yake. Wiki ya mvua nguo hazikauki, na jikoni kunakuwa kugumu. Kuvusha watoto hakuna anayemlipa, na hajawahi kudai.

"Nimezaliwa Mgeta, juu mlimani," anasema huku akisugua kola ya shati. "Kwetu masika, anayefika kwanza kwenye maji anamsubiri wa pili. Havuki mtu peke yake, hata kama huyo wa pili mmegombana. Nilipohamia hapa nikaona watoto wadogo wanavuka wenyewe. Sasa mimi niende kanisani nimwambie Mungu nampenda, halafu mtoto wa jirani apite mbele yangu anaogopa maji, mimi nasugua kola? Nitakuwa namdanganya nani?"

Kosa la wengi hapa mjini ni kutazama anga la juu ya paa lao. Jua linawaka, mama anaanika nguo, anamwambia mtoto haya kimbia shule. Kumbe mvua imenyesha juu, kwenye milima ya Uluguru, na maji yako njiani yanashuka.

Kosa hilo nusura limpate Sabra, muuza maandazi wa mtaa huohuo, Machi mwaka jana. Tayari alikuwa amemkataza binti yake Shadia, wa darasa la pili, kuvushwa na Scholastika.

"Nilisikia anafanya ishara ya msalaba kabla ya kuingia majini na watoto," Sabra anasimulia, akijifunika uso kwa mtandio kwa aibu. "Nikasema, huyu mama anataka kunibatizia mwanangu!"

Asubuhi hiyo hapakuwa na wingu. Scholastika aliona maji yamegeuka mekundu, yamebeba majani ya migomba. Akawazuia watoto wote, akiwemo Shadia aliyekuja kuvuka mwenyewe, akawakalisha juu ya jiwe na kuwagawia viazi vitamu alivyokuja navyo kwa chakula chake cha mchana. Habari zikamfikia Sabra. Akaja mbio, mikono ina unga.

"Mwanangu ana mtihani leo! Jua lote hili, mvua unaiona wewe tu?"

"Mama Shadia, maji yamebadilika. Tusubiri kidogo."

"Nisubiri nini? Maombi yako?"

Sabra akamvuta mtoto, akatia mguu majini. Scholastika akamdaka kifundo cha mkono.

"Nilimtukana mimi!" anasema Sabra. "Nikamwita mchawi, nikamwita mlokole. Na wala si mlokole, ni Mkatoliki. Ila mkono hakuachia."

Bado wanavutana, ukaja mvumo kama wa lori linalomwaga mawe. Mgomba mzima ukapita ukibiringika palepale walipokuwa wakielekea. Maji yakapanda hadi kwenye jiwe la kufulia, yakachukua beseni na nguo zake. Wanawake wawili wakarudi nyuma na watoto, wameshikana.

Shadia akamtazama mama yake. "Mama, na mtihani je?"

"Mtihani utafanya kesho, mwanangu," Sabra akajibu akilia. "Leo tumeshafaulu."

Jioni ile Sabra alipita nyumba kwa nyumba akieleza yaliyotokea. Wenye nguo zilizochukuliwa na maji hakuna aliyedai, na beseni jipya lilifika kwa Scholastika kabla hajalala. Mtihani Shadia aliufanya keshoye.

Masika haya Sabra husimama ng'ambo kuwapokea watoto. Na Jumapili, Scholastika anapokuwa misa ya kwanza, watoto wa madrasa hukuta Sabra amekaa juu ya lile jiwe. "Hatuvuki," anawaambia. "Tunamsubiri wa pili."

Sasa mtaa mzima unabeba mawe. Fundi Nasibu amejitolea kujenga daraja la miguu, na msingi wa upande wa Mafiga umeshasimama. Mpaka liishe, mzazi, usimwache mtoto avuke peke yake, na kabla hujamruhusu, tazama mlimani.

Scholastika analiombea daraja hilo kila jioni. Anaulizwa, likikamilika, kazi yake ya asubuhi si itakuwa imekwisha?

"Iishe vipi?" anacheka, akikung'uta shati hadi maji yanaruka. "Nitakuwa hapahapa nafua. Atakayeogopa daraja, nitamshika mkono."