Nyanya za Kwenye Ndoo

Mshona nguo alikuwa amemnunia mumewe tangu Jumapili, na kwa kununa hakuwa na mpinzani. Lakini nyanya zake, alizozipanda kwenye ndoo kuukuu nyuma ya jiko, hazikumkosea kitu, kwa hiyo kila alfajiri alizimwagilia. Ajabu ni kwamba majani yalizidi kuwa ya manjano, na udongo ukaanza kunuka.

Leo alichelewa kuamka, akamkuta mumewe ameinamia ndoo na kopo la maji.

“Kumbe ni wewe unayeziozesha!”

“Nilidhani umezisusa, kama ulivyonisusa mimi.”

Mke akampokonya kopo. “Nimekununia, sijakususa. Ningekususa ungekuwa unakula nini siku zote hizi? Haya, lete msumari tutoboe ndoo, nyanya zetu zinazama.”