Konokono Ndani ya Bendeji

Siku hizi nikienda sokoni Ekerenyo napitia nyuma ya maduka, kwa aibu. Kijijini wananiita daktari, ingawa mimi ni mhudumu wa afya wa kujitolea tu. Kazi yangu ni kuwaonya watu wasiweke takataka kwenye vidonda. Mwezi jana nilimkaripia Mama Kwamboka, bibi mzima, mbele ya wenzake, kwa kuziba jeraha lake kwa utando wa buibui.

Basi Jumanne nilikuwa nakata majani ya nepia ya kulisha ng'ombe, panga likateleza likanipasua kidole gumba. Damu ikakataa kukoma. Nikakumbuka nilichosoma kwenye simu: wanasayansi wameiga ute wa konokono asiye na gamba, wakatengeneza gundi inayoshika nyama hata ikilowa damu. Hilo neno "wameiga" nililiruka. Migombani konokono hao ni tele. Nikamchukua mmoja mnene, nikamlaza juu ya jeraha na kumfunga bendeji hapo hapo, aendelee kutoa ute. Nikajiona msomi!

Damu haikukoma. Nikakimbilia zahanati, nikakuta imejaa watu.

"Sista, tufungulie ndani," nilimnong'oneza nesi.

"Ndani kuna mgonjwa. Leta mkono."

Akafungua pale pale kwenye benchi. Konokono akajinyoosha, mzima kabisa, akaanza kupanda glavu yake.

Kando yangu Mama Kwamboka akainama, akamtazama vizuri.

"Daktari," akasema kwa upole, "mimi buibui nilimwacha nyumbani."